Mzee Muzafaru Gidudu Anastaafu, Naigaga Anabaki Kazini

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi, Bwana Muzafaru Gidudu, fundi wa misumeno katika kambi yetu ya juu mlimani, anastaafu leo, Alhamisi tarehe 31 Julai 2025. Ratiba ya kwanza ya sherehe hii ilikuwa na wastaafu wawili. Wa pili alikuwa Naigaga, yaani ule msumeno wa injini ambao Mzee Muza ameutunza kwa miaka mingi. Uongozi uliona ni vizuri waondoke siku moja, kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyeweza kumwamsha Naigaga asubuhi ya baridi. Mzee Muza angepewa msumeno huo kama zawadi, aende nao nyumbani Mbale.

Mzee Muza alikataa zawadi. Alisema yeye amezeeka, lakini Naigaga hajazeeka, na msumeno wa kulala chini ya kitanda mjini ni sawa na mtu aliyefungwa bila kosa. Afande Odongo, mlinzi wetu wa lango, ambaye kabla ya kuja kwetu alikuwa askari wa magereza, alisema watu wa namna hiyo amewaona wengi na wote huwa wanalia usiku. Maneno hayo hayakumsaidia mtu yeyote. Basi mimi, mtunza stoo wenu, naandika hapa jinsi ilivyotokea mpaka ratiba mliyo nayo mkononi ikabaki na jina moja.

Mzee Muza alianza kazi mwaka 1994 katika yadi yetu ya Nalufenya, Jinja, akipanga mbao. Alipanga vizuri mno. Mbao zake zilinyooka hata wateja wakaona vibaya kuzivuruga, wakawa wananunua za upande mwingine. Akahamishiwa karakana, akajifunza kunoa kwa tupa, na baadaye akapelekwa kambi ya juu, kule ambako misonobari yetu inaota kwenye ukungu na watu wanavaa makoti mawili mwezi wa saba. Watu wa Jinja husema wanajua baridi. Wanajua upepo wa ziwa tu. Kambini kwetu sabuni ya maji husimama kwenye kijiko.

Huko ndiko alikofanya kazi pamoja na marehemu mume wangu, Geresom, aliyekuwa mkataji. Mmoja alikata, mwingine alitunza, na wote wawili walilalamika. Kambi ilipohitaji msumeno mwingine, na mpya haukupatikana, walitumwa wao wawili kutafuta uliotumika. Waliupata Wanyange, kwa mama mmoja wa kando ya ziwa aliyeitwa Naigaga, ambaye wanawe walikuwa wakiutumia kukatia kuni za kukaushia samaki.

Geresom alikuwa akinisimulia siku hiyo mara nyingi, na kila mara alicheka mahali pale pale. Mwenye mali alitaka kuvuta kamba ili injini ingurume wasikie nguvu yake. Mzee Muza akamwambia asubiri, injini atasalimiana nayo baadaye. Akafungua kifuniko cha pembeni, akatoa ule ubapa mrefu wa chuma ambao mnyororo wa meno unauzunguka, ambao sisi kambini tunauita upanga. Akautazama kama daktari anavyotazama ulimi. Upande mmoja ulikuwa umelika kuliko mwingine, kwa sababu hakuna aliyewahi kuugeuza. Mfereji wake ulikuwa umejaa unga wa mbao uliogandana na magamba ya samaki. Lile tundu dogo la kupitishia oili lilikuwa limezibwa kabisa. Akasema mgonjwa huyu hana ugonjwa, ana njaa tu, hajalishwa oili tangu azaliwe. Yule mama hakukasirika. Aliwaonya kwamba asubuhi huyo huchelewa kuamka, wasimpigie kelele. Ndiyo maana wakaupa msumeno jina lake.

Naigaga alipanda mlima akinuka samaki. Kwa karibu miezi miwili paka wa kambi alimfuata kila alikopelekwa, akakaa mbele yake akimngoja afunguliwe. Mzee Muza alimsafisha kila jioni kwa mswaki, mpaka paka akakata tamaa.

Sasa niseme juu ya baridi, maana wengi wetu wa ofisini hatukuijua shida yake. Msumeno wa injini una matangi mawili, la petroli na la oili. Oili hiyo hupita kwenye lile tundu, ikaingia mferejini, ikalainisha mnyororo unapozunguka. Bila oili, upanga huwaka moto, hubadilika rangi ukawa wa buluu, na kazi imekwisha. Baridi ikizidi, oili huwa nzito kama asali ya zamani. Injini inanguruma, mnyororo unazunguka, na oili imekaa tu tangini, haina haraka. Mkataji hajui. Anaona msumeno unafanya kazi, kumbe anauchoma.

Mzee Muza alitafuta dawa ya jambo hili kwa njia zake. Aliposhuka Jinja alinunua aina tatu za oili, akamwomba Bushira, mwenye duka la vinywaji hapo Nalufenya, amwekee chupa tatu ndogo kwenye friji. Alitaka kujua ni ipi itaendelea kutiririka katika baridi. Siku nzima alikaa kwenye benchi la duka, na kila baada ya muda alifungua friji, akainamisha chupa, akatikisa kichwa. Wateja walidhani ni dawa ya mgonjwa. Mmoja aliona ile rangi nzuri ya ukwaju, akauliza hiyo ni juisi ya ladha gani. Mzee Muza akamjibu bila kugeuka, "Ladha ya msumeno." Yule mtu akaagiza soda.

Oili nyepesi ndiyo iliyoshinda. Lakini hata hiyo, alfajiri za mwezi wa saba, ilichelewa. Ndipo alipoanza desturi iliyomfanya ajulikane mpaka Mbale. Baada ya sala ya alfajiri alichukua kijerikani cha oili, akakifunga mgongoni kwa leso ya mke wake Rashidah, kama mama anavyobeba mtoto, akavaa koti juu yake. Mpaka wakataji wanamaliza uji, oili ilikuwa na joto la mwili na inamiminika kama maji. Ni mwanamume mkubwa, mnamjua, mabega kama mlango. Alitembea kambini na mgongo umevimba, na kila aliposimama alijitikisa kidogo, nadhani bila kujua. Geresom hakuacha kumsalimia mtoto. Alikuwa akiinama nyuma ya koti akiuliza ameamkaje, na Mzee Muza alijibu kwa niaba yake kwamba ameamka mzito lakini anaendelea.

Afande Odongo alipoanza kazi langoni hakuwa ameambiwa. Asubuhi yake ya kwanza alimwona mzee anapita na kitu mgongoni, kichwa cha leso kikichungulia kwenye kola ya koti. Sheria ya kambi inakataza watoto mahali pa kukatia miti, na Afande ni mtu wa sheria. Akamsimamisha.

"Wewe mzee, mtoto haingii hapa."

"Afande, huyu si mtoto. Ni oili."

"Kila mtu anasema hivyo."

Mzee Muza alilazimika kuvua koti kwenye baridi ile na kumfungulia. Afande alitazama kijerikani muda mrefu. Kisha akamwambia amfunike vizuri, atapata homa. Tangu siku hiyo wamekuwa marafiki, ingawa Afande bado hupiga saluti mbili mzee akipita na mzigo wake.

Rashidah naye alikuwa na malalamiko. Leso zake zilirudi mjini zikinuka gereji. Aliwahi kumwuliza mumewe mbele yetu kama mlimani ana mwanamke mwingine, na kama yupo, mbona haogi.

Geresom alipofariki, miaka miwili iliyopita, kulikuwa na mvua na kuni zote zilikuwa mbichi. Mzee Muza alikuja matangani amembeba Naigaga, akatukatia kuni kutoka kwenye mti mkavu ulioanguka nyuma ya nyumba. Katikati ya kazi alizima injini, akaja mbele ya waombolezaji, akaomba radhi kwamba anangoja oili ipate joto, wamvumilie. Watu wakangoja oili pamoja naye. Shangazi wa Geresom, mtu asiyecheka hovyo, alikuwa wa kwanza kucheka. Geresom aliwahi kufunga mpira wa baiskeli kwenye mkono wa msumeno, na Mzee Muza hajaubadilisha mpaka leo. Anasema bado unashika vizuri.

Basi alipokataa zawadi yake, meneja wetu Madamu Racheal alipanda kutoka Jinja kuja kuongea naye. Ni mtu wa haki. Alimsikiliza mpaka mwisho, na mwisho wa Mzee Muza huwa mbali. Kisha akatoa sharti. Kama mtu mwingine atamwamsha Naigaga asubuhi ya baridi, akakata gogo moja vipande vitatu, na Mzee Muza asiguse kitu wala asiseme neno, basi Naigaga atabaki kazini. Ikishindikana, watastaafu wote wawili na hakuna kubishana.

Kutogusa, Mzee Muza alisema, anaweza. Kutosema aliomba afikirie kwanza.

Alimchagua Shallon, mmoja wa wakataji wetu, kwa sababu Shallon ndiye pekee aliyewahi kumwuliza kwa nini upanga unageuzwa kila wiki. Alimjibu kuanzia mchana hadi magharibi. Kwa mwezi mzima alimfundisha: kusafisha mfereji kwa kipande cha bati, kuzibua tundu la oili kwa waya laini, kuvuta mnyororo kwa vidole viwili uone kama unanyanyuka kidogo na kurudi wenyewe. Alimfundisha pia jaribio lake kubwa. Unaelekeza ncha ya upanga kwenye kisiki cheupe kilichokatwa karibuni, bila kukigusa, unaongeza mafuta injini ingurume, na kama oili inapita utaona mstari mwembamba unachorwa juu ya mti. Hakuna mstari, hakuna kazi.

Mambo yote yalikwenda vizuri mpaka siku alipomletea leso. Shallon aliitazama akaikunja akamrudishia.

"Mzee, nimebeba watoto watatu kwa mgongo huu. Wa nne hawezi kuwa jerikani."

Alisema ataweka oili jikoni, karibu na mafiga ya Jude mpishi, mbali kidogo na moto, ipate joto yenyewe. Mzee Muza aliumia. Kwa siku kadhaa alikula peke yake, na alimweleza kila aliyepita kwamba jiko halijui kubembeleza. Lakini hakumkataza. Alisema kazi ni ya Shallon sasa.

Asubuhi ya jaribio ilikuwa na baridi ya kweli, nyasi zimelala na ukungu umekaa kati ya miti. Tulisimama wote na vikombe vya uji. Afande Odongo alipewa kazi ya kumlinda Mzee Muza asiseme, na alimwonya mapema kwamba hata kukohoa kwa maana fulani kutahesabiwa. Mzee Muza akaingiza mikono yote miwili mifukoni na pembe ya leso kinywani.

Jambo ambalo hakuna aliyelijua ni kwamba baridi ile ilikuwa imemgandishia Jude mafuta yake ya kupikia. Yalikuwa yamekuwa meupe kama mshumaa ndani ya jerikani. Jude naye akayasogeza karibu na mafiga yayeyuke. Jerikani ya mafuta ya kupikia na jerikani ya oili zote ni za manjano, kwa sababu oili yetu tunaihifadhi kwenye jerikani alizomaliza Jude. Moshi ulikuwa mwingi. Shallon alichukua iliyokuwa karibu.

Naigaga aliamka kwa mvuto wa tatu. Watu wakapiga makofi. Mstari ulionekana kwenye kisiki, mzuri kabisa, maana mafuta ya moto yanapita popote. Shallon akaingia kwenye gogo, na kipande cha kwanza hakijaanguka vizuri, hewa yote ikajaa harufu ya mandazi.

Sijui nieleze vipi. Tulikuwa na njaa. Mtu mmoja alisogea mbele na kikombe chake. Afande alinusa, akauliza pawa yetu, yaani msumeno, leo inapika nini. Mzee Muza alikuwa ameshaelewa. Macho yalimtoka, shingo ilivimba, leso ikaingia kinywani mpaka nusu. Alijua kwamba mafuta yale yakifika kwenye chuma cha baridi yataganda tena, ndani ya lile tundu, na upanga utakauka huku kila mtu akifurahia harufu. Alihitaji kusema neno moja tu. Angelisema, Naigaga angekuwa mstaafu.

Hakulisema. Afande aliniambia baadaye kwamba katika maisha yake ya magereza hajaona mtu aliyeshikiliwa kwa nguvu kama ile bila pingu.

Shallon alifika katikati ya kipande cha pili. Harufu ya mandazi ikageuka ya mandazi yaliyosahauliwa. Hapo, kabla hata moshi haujaonekana, alizima injini.

Madamu Racheal akauliza kama ameshindwa.

"Sijashindwa, madamu. Upanga umekauka. Nikimaliza gogo hili namuua Naigaga."

Aliuweka msumeno juu ya kisiki, akafungua kifuniko, akatoa upanga, akautazama kama daktari anavyotazama ulimi. Tundu lilikuwa limezibwa na kitu cheupe, kama mafuta yanayoelea juu ya mchuzi wa jana. Alikikwangua kwa ukucha akakinusa. Wakati huo huo Jude alitoka jikoni na mwiko mkononi, amekasirika, akitaka kujua nani amechezea jiko lake, kwa sababu vitunguu vimekataa kuwa vyekundu na sufuria nzima inanuka gereji. Watu wote wakamtazama Jude, kisha wakamtazama Naigaga, na kicheko kilichofuata kilisikika, naamini, mpaka Mbale.

Shallon hakucheka. Alimwaga mafuta yote kutoka tangini. Upanga peke yake aliupeleka karibu na moto mpaka ule weupe ukayeyuka, akausafisha mfereji, akazibua tundu kwa waya. Alichukua oili yenyewe jikoni, safari hii akainusa kwanza, akasuuza tangi nayo kidogo, akajaza. Akarudisha kila kitu, akavuta mnyororo kwa vidole viwili, ukanyanyuka ukarudi. Akaelekeza ncha kwenye uso mweupe wa gogo. Mstari ukachorwa. Akamaliza kipande cha pili, akakata cha tatu.

Madamu Racheal alikwenda akagusa upanga kwa kidole, akaona una oili na joto la kawaida. Akageuka kwetu. "Anayestaafu ni mmoja," akasema.

Afande akamruhusu Mzee Muza kusema. Tulijiandaa, wengine walikaa chini kabisa. Mzee alitoa leso kinywani, akamtazama Shallon, akamtazama Naigaga. Akauliza tu kama Jude ana vitunguu vingine. Kisha akaenda nyuma ya ghala, na tulimwacha akae huko muda aliotaka.

Kwa miaka hiyo yote, Bwana Muzafaru, hakuna mkataji wetu aliyeumizwa na msumeno ulioachwa bila kutunzwa. Ulitufundisha kuzima mashine kabla haijalia, na kuomba radhi tunapochelewa. Ulikuja na kuni siku ambayo sikujua nitazipata wapi. Kampuni inakushukuru, kambi inakushukuru, na mimi Margret wa stoo, kwa niaba yangu na ya Geresom, ninakushukuru.

Jana ilikuwa asubuhi yake ya mwisho kambini. Alisali alfajiri, na badala ya kwenda jikoni alirudi kitandani, jambo ambalo halijawahi kutokea. Naigaga alipowaka kule kwenye misonobari, mvuto wa pili tu, Afande Odongo alikuwa anapita karibu na mlango wake. Anasema alisikia mtu anacheka taratibu ndani ya blanketi.

Nenda salama Mbale, mzee wetu. Rashidah akupe chai ya moto na leso zinazonuka sabuni, na Mungu akupe siku ndefu zenye jua. Asubuhi ukisikia baridi, vuta blanketi. Kuna mtu ameshaamka.